Kwa nini kuambiwa "huna joshiki" kunauma

Ndugu, umeuliza kwa nini Mjapani huumia akiambiwa hana joshiki, yaani busara ya kawaida. Pale hapimwi akili, anapimwa malezi: yale ambayo mtu mzima anatarajiwa kuyajua bila kuambiwa. Chukua mfano wa pesa zinazotolewa kwenye bahasha. Harusini unatoa noti mpya kabisa; msibani noti mpya ni aibu, maana inaonekana ulijiandaa mapema kwa kifo cha mtu. Pengine hakuna aliyekufundisha, lakini ukikosea unaitwa hijoshiki, yaani asiye na joshiki. Ndiyo maana kampuni nyingi huwafunza waajiriwa wapya wanaoanza kazi Aprili hadi namna ya kupokea kadi ya biashara kwa mikono miwili. Mgeni mara nyingi husamehewa, ila wenyewe kwa wenyewe, mh, hawaachiani kirahisi.