Mashapo hayajampelekea mtu kitu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma jiolojia mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam. Kwenye ripoti yangu kuhusu mkondo wa zamani wa mto nimeandika: "Uwepo wa mashapo ya changarawe umepelekea kutambua kuwa mto ulikuwa na kasi." Msimamizi amekata "mashapo", anataka "sedimenti". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Wewe. Mashapo yamo hata katika Kiswahili cha jiografia: miamba mashapo. Sedimenti asili yake ni Kilatini, kitenzi cha kukaa. Shapo ni kile kinachotuama chini. Kaa kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo, acha kikombe kitulie, utayaona. Mto nao ni hivyo hivyo: ukiwa na nguvu husukuma changarawe, nguvu zikipungua huziacha, kisha huacha mchanga, na tope laini hutua maji yanapotulia. Ukikuta chavua za mikoko nyingi ndani ya tope hilo, ujue maji ya chumvi hayakuwa mbali.

Kinachoniudhi ni "umepelekea", ambalo msimamizi wako amelipita kama hajaliona. Hiyo ni kauli ya kutendea: mpelekee bibi uji. Yupo mpelekaji, upo uji, yupo bibi. Mashapo yako yamempelekea nani, nini? Kila masika Msimbazi ukifurika, redio husema: "Mvua imepelekea barabara ya Jangwani kufungwa." Basi naiona mvua inashuka kutoka Pugu na furushi kichwani, inabisha hodi Jangwani (jina lina jangwa ndani yake, maji hayajali), inakabidhi kufungwa kwa barabara. Nani amepokea? Ametia saini wapi? Furushi lenyewe limelowa! Jamani, mvua imesababisha barabara ifungwe. Au, kwa asiye na haraka ya kuonekana msomi: barabara imefungwa kwa sababu ya mvua.

"Uwepo" nausamehe. Nimeupigia kelele miaka mingi, nao bado upo.

Andika hivi: "Mashapo ya changarawe yanaonyesha kuwa mto ulikuwa na kasi." Msimamizi akishikilia sedimenti yake, mpe, maana ndiye anayetoa alama. Akirudisha "umepelekea", mpelekee safu hii. Hapo neno litakuwa mahali pake.