Mibuni imezeeka: tung'oe, au tukate visiki?

SWALI: Nina mibuni 600 ya kahawa ya arabika niliyoachiwa na mama mkwe, mingi imepita miaka 25. Imerefuka, inazaa kileleni tu, na kila mwaka mavuno yanapungua. Jirani yetu alikata shamba lake lote visiki kwa mkupuo. Mume wangu ananiuliza: tukifanya hivyo, miaka miwili tutakula nini? Au tung'oe tu tupande miche mipya?

JIBU: Mumeo ameuliza swali ambalo wataalamu wengi hulipita. Kitaalamu, kukata kisiki, yaani kukata shina karibu na ardhi ili lichipue upya, kunafanya kazi. Wengi wanaoshindwa huangushwa na msimu ule usio na mavuno: wanaishiwa, wanakopa, halafu maotea, yaani machipukizi ya kisiki, yanakosa mbolea na palizi.

Msing'oe. Mizizi ya mbuni wa miaka 25 bado ina nguvu, ndiyo maana kisiki huzaa mapema kuliko mche mpya. Ng'oa ule tu ambao mizizi imeoza.

Kwanini unazaa kileleni? Mbuni huzaa kwenye sehemu za matawi zilizokua msimu uliopita. Tawi la pembeni likifa, shina halitoi lingine mahali pale pale, kwa hiyo kila mwaka eneo la kuzaa linapanda juu na kuacha shina tupu chini. Kulipalilia shina hilo ni kupoteza jasho. Ila vichipukizi vimelala ndani yake, na ukilikata vinaamka.

Sasa hesabu ya mumeo. Msimu huu wa kuchuma, tembea na kamba uifunge mibuni inayozaa hovyo kuliko yote. Chagua 150, yaani robo, ndiyo ianze kukatwa. Kwa kuwa ilikuwa inatoa kidogo, mtakachopoteza kitakuwa chini ya robo ya mapato. Mwaka unaofuata robo nyingine, hadi miaka minne iishe. Robo ya kwanza itatoa mavuno machache msimu wa pili, na msimu wa tatu itakuwa imeshika kasi. Hivyo hata mwaka mgumu kuliko yote, nusu ya shamba inazaa kama kawaida. Hiyo isiyokatwa ipeni matandazo na samadi ya kutosha, maana ndiyo inayowalisha.

Kateni baada ya mavuno, mvua zikikaribia. Tumieni msumeno wenye makali. Panga hupasua shina na ufa ule hukaribisha ugonjwa. Urefu wa kisiki uwe kama sentimita 30 hadi 45, na mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame juu yake. Mbuni wenye mashina mawili au matatu, acheni moja la kupumulia, liendelee kuilisha mizizi hadi maotea yashike. Nimeona watu wakiliondoa mapema kwa sababu shamba halionekani nadhifu. Acheni unadhifu kwanza.

Maotea yatakuja mengi mno. Hapa ndipo watu hushikwa na huruma, wakaacha saba au manane. Yanagombania mwanga na kurefuka kama fito, na mnarudi mlikotoka. Bakizeni mawili au matatu tu kwa kisiki, manene, yaliyotoka chini na kuachana vizuri. Mengine yang'oeni yakiwa bado laini, kwa mkono.

Kama aina yenu inaliwa sana na kutu ya majani au chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa), huu ndio wakati wa kubadilisha bila kung'oa: maotea yakifikia unene wa penseli, bebesheni kikonyo, yaani unganisheni juu yake kijiti cha aina inayostahimili. Kazi hiyo mpeni fundi mwenye mkono mzoefu.

Katikati ya visiki kuna jua jingi msilolizoea. Pandeni maharage mwaka wa kwanza, na hata wa pili kama kivuli hakijafunga. Yanafunika udongo na kuleta chakula au fedha ule ule mwaka ambao robo hiyo haizai. Mahindi hapana, yataziba mwanga wa maotea. Jembe nalo lisizame karibu na kisiki, kwani mizizi inayokula iko juu juu.

Na kabla ya msumeno kuguswa, kubalianeni fedha ya maharage itakwenda wapi. Mimi ningeiweka kwenye mbolea ya maotea kwanza.