Kiatu katika Ruthu 4

Ndugu, umeuliza kwa nini yule jamaa wa karibu wa marehemu Elimeleki alivua kiatu akampa Boazi, jamaa mwingine wa ukoo huo. Ilikuwa namna ya kuthibitisha mapatano mbele ya mashahidi. Hapo kwenye lango la mji walikaa wazee kumi. Anayekuvulia kiatu anakuachia haki yake, hapa haki ya kukomboa shamba la Elimeleki (kulinunua ili libaki katika ukoo) pamoja na kumwoa Ruthu, mjane wa mwanawe. Hata mwandishi mwenyewe ilibidi aeleze (4:7) kwamba ni desturi ya zamani, maana huenda wasomaji wake walishaisahau. Usichanganye na Kumbukumbu la Torati 25, ambako mjane ndiye anamvua kiatu shemeji aliyekataa kumwoa na kumtemea mate usoni. Ile ni aibu tupu! Kinachonichekesha: jamaa aliogopa kuharibu urithi wake, na leo tunamjua kama "fulani" tu.