Wakili wa mafao ya wafanyakazi aanzie wapi?

Mdogo wangu, umeuliza kama wakili mpya hapa Tanzania anaweza kujikita kwenye mafao ya wafanyakazi na akaishi kwa kazi hiyo. Anaweza, na watu wanamhitaji sana. Anzia CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko utakutana na mtu aliyeachishwa kazi asiyejua kwamba ana siku 30 tu za kulalamika, wala kwamba kiinua mgongo, anapostahili, hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, ukomo miaka 10. Inauma kumwambia mtu kama huyo kwamba amechelewa.

Halafu zisome kwa makini sheria za NSSF na PSSSF, yaani mifuko ya hifadhi ya jamii, na za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wengi huishia kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ilhali mtu akiumia kiwandani, au mwajiri asipopeleka michango, majibu yamo kwenye sheria hizi za mifuko.

Kabla ya kukimbilia kampuni kubwa, omba hata kujitolea kwenye chama cha wafanyakazi. Malipo ni madogo, lakini mafaili utakayoshika pale ni ya kesi hizi hizi.