Maswali ya Wasomaji: Jina la Seva ya Zamani Juu ya Seva Mbili Mpya

SWALI: Ofisi yetu ina seva moja ya faili iitwayo HAZINA, inayotumia Windows Server 2012 R2, toleo ambalo muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa na Microsoft ulikwisha Oktoba 2023. Tumenunua seva mbili mpya, tumeziweka nyuma ya kisawazisha mzigo (kifaa kinachogawa maombi ya watumiaji kati ya seva), kisha tukabadilisha DNS, yaani orodha inayooanisha majina na anwani za mtandao, ili jina HAZINA lielekee huko, kwa kuwa faili zetu nyingi za Excel zina viungo vya \\HAZINA\Hesabu. Sasa watumiaji wakifungua folda hiyo wanaambiwa kuwa jina la akaunti lengwa si sahihi. Tumekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Tatizo haliko kwenye DNS, liko kwenye Kerberos, mfumo wa Windows wa kuthibitisha utambulisho kwa tiketi. Kompyuta ya mtumiaji inapotaka kufungua \\HAZINA huomba tiketi kutoka kwa kidhibiti cha domeni (seva inayosimamia akaunti za mtandao wenu), na tiketi hiyo hufungwa kwa ufunguo wa akaunti inayomiliki jina hilo, yaani akaunti ya seva yenu ya zamani, ambayo bado imo katika Active Directory, yaani daftari la akaunti zote. Seva mpya ikiipokea haiwezi kuifungua. Kulisajili jina kwenye seva zote mbili hakutasaidia, kwa sababu jina la huduma linatakiwa kukaa kwenye akaunti moja tu. Amri ya setspn -X itawaonyesha kama tayari mmelisajili kwenye akaunti zaidi ya moja. Wenye tovuti huikwepa shida hii kwa kuendesha huduma yao chini ya akaunti moja ya pamoja, lakini SMB, itifaki ya Windows ya kushirikisha faili, hutumia akaunti ya kompyuta yenyewe. Mkiliondoa jina kabisa kwenye akaunti zote, kompyuta zitarudi kwenye NTLM, mfumo wa zamani wa uthibitishaji, na huenda folda zikafunguka, ila Microsoft ilitangaza mwaka 2024 kwamba NTLM haiendelezwi tena.

Hata kama Kerberos ingekubali, mpango wenyewe nisingeushauri. Mhasibu mmoja amefungua bajeti kupitia seva ya kwanza, mwenzake kupitia ya pili. Huyu wa pili haoni ule ujumbe wa kawaida kwamba faili inatumiwa na mtu mwingine, kwa sababu kufuli limewekwa kwenye seva moja na nyingine haina habari nalo. Wote wawili wanahifadhi. Kama seva zinanakiliana faili kwa DFS Replication, huduma ya Windows ya kunakili, nakala iliyohifadhiwa mwisho ndiyo inayobaki, na ile nyingine inatupwa kwenye folda iliyofichwa ya ConflictAndDeleted, na kazi ya kwenda kuifukua itakuwa yenu.

Mnachohitaji, nijuavyo ofisi za namna hii, ni seva isiyozimika, wala si mzigo uliogawanywa. Ondoeni kisawazisha, unganisheni seva mbili kuwa klasta (seva zinazofanya kazi kama moja) yenye diski za pamoja, na mweke juu yake huduma ya faili ya kawaida, ambayo huendeshwa na seva moja huku nyingine ikisubiri. Kuna pia aina ya Scale-Out, ambamo seva zote hufanya kazi kwa wakati mmoja chini ya jina moja, lakini ilikusudiwa Hyper-V (kompyuta pepe) na SQL Server (hifadhidata), si nyaraka za ofisini zinazofunguliwa na kufungwa kutwa nzima.

Kabla ya hapo ibadilisheni seva ya zamani jina, iwe HAZINA-ZAMANI kwa mfano, mfute rekodi yake ya zamani katika DNS, na mhakikishe kwa setspn -Q HOST/HAZINA kwamba hakuna akaunti inayolishikilia jina hilo. Ndipo muipe huduma ya klasta jina HAZINA, mkikumbuka kuipa akaunti ya klasta ruhusa ya kuunda akaunti za kompyuta katika Active Directory. Hapo ndipo wengi hukwama. Fanyeni kazi hii jioni, kwa sababu tiketi za Kerberos kwa kawaida hudumu saa 10, na atakayekuwa ameacha kompyuta yake wazi usiku atalazimika kutoka na kuingia upya, au mumwendeshee klist purge, amri inayofuta tiketi za zamani.