Buli la Mdaiwa

Mwanangu,

Unauliza kama buli unalolipeleka kwenye maonyesho ni lazima limimine chai, maana picha za mabuli ya Richard Notkin, yule mfinyanzi Mmarekani, zimekunyima usingizi. Hata mimi zimeninyima. Lile la 1983, lenye umbo la minara ya kupozea ya kinu cha nyuklia, alilitengeneza miaka minne tu baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, huko kwao Marekani. Na ufundi wenyewe kaufuata wa Yixing, kule China, ambako mafundi hufinyanga mabuli madogo yasiyopakwa mng'aro, mengine mithili ya gogo au tunda. Yule bwana kabla ya kuisema dunia alijifunza buli kwanza.

Lakini la kumimina niache kidogo. Je, wa kunywa ni nani?

Buli langu lenye tumbo unalijua, lile ambalo kifuniko chake mlikivunja, na aliyekivunja tunamjua. Sikuwahi kukwambia ni nani yule. Ni mteja aliyeagiza sahani 60, akazichukua zote, akalipa nusu. Nikamfinyanga: kitambi chake, shingo yake fupi, na mkono wa kushikia nikaufanya mkono wake mwenyewe, umezama mfukoni. Siku aliyokuja kuagiza tena, nikamwandalia chai humo. Baba yako alikimbilia jikoni kucheka. Mteja akanywa vikombe viwili, akaligeuzageuza, akasema, "Mama, hili halidondoshi hata tone." Akaondoka. Deni halikulipwa mpaka leo.

Na ninakiri, ile sifa ilinifurahisha. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimesema siku zote kwamba chombo kifanye kazi yake kwanza, ndipo kiseme. Waingereza walifinyanga mabuli yaliyoandikwa kupinga Sheria ya Stempu ya 1765, kodi ambayo serikali yao wenyewe iliwatoza walowezi wa Marekani, wakawauzia walowezi hao hao. Biashara, ndiyo, lakini watu walikaa mezani na maneno yale mbele yao, kila wakimimina wanayasoma. Buli la kwenye kabati la kioo nani atalishika? Ila sasa langu lilishikwa, likamimina, na aliyesemwa hakusikia. Labda lingekuwa bovu, likammwagia chai mapajani, angeuliza kulikoni. Au ningeandika maneno, kama wale Waingereza. Sijui kwa nini sikuandika. Niliogopa, nadhani.

Kwa hiyo usinitake nikuamulie. Ninalo jibu langu na unalijua, nalizuia kwa nguvu. Ila kabla hujaubandika mdomo, toboa yale matundu ya kuchujia, udongo ukiwa bado mbichi. Ukiona hayafai utayaziba. Ukishachoma, hutoboi tena.

Mama yako