Mafuta yamejaa mgongoni, ndani ya nyama hamna

Swali: Nanenepesha maksai chotara wa Borana na Angus huku Laikipia. Miezi mitatu ya mwisho nawapa mahindi na molasi kwa wingi. Wakichinjwa, mafuta yamejaa mgongoni na kwenye figo, lakini sarara haina michirizi yoyote ya mafuta. Je, ni jeni? Kuna kipimo?

Jibu: Jeni zina sehemu yake, ila kwa maelezo yako naona umechelewa. Mahindi ya mwisho hujaza zaidi seli za mafuta zilizokwisha kuwepo. Kama ndani ya msuli ni chache, nishati inayobaki huishia mgongoni na tumboni.

Seli hizo hutokana na seli changa zilizo katikati ya nyuzi za msuli, ambazo zinaweza kuwa mafuta au tishu ngumu ya kushikilia nyama. Jeni ya ZFP423 huzisukuma upande wa mafuta. Kisha protini mbili zinazowasha jeni, C/EBPβ na C/EBPδ, huwasha nyingine mbili, PPARγ na C/EBPα. Hizi mbili za mwisho huchocheana, na zikishika kasi, seli huanza kutengeneza na kuhifadhi mafuta. Ishara za Wnt, yaani ujumbe ambao seli hupeana, huzuia PPARγ isiwake.

Mafuta ya tumboni hutangulia, halafu ya chini ya ngozi, ya kati ya misuli, na mwisho kabisa ya ndani ya msuli. Seli za ndani ya msuli huongezeka kuanzia mimba ikiwa kubwa hadi ndama afikishe siku 250 hivi. Baada ya hapo kasi hupungua sana. Kwa hiyo mama asikonde miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na ndama asidumae kiangazi. Akifika miezi 3 au 4, mwanzishie nafaka pembeni angali ananyonya. Wanga huishia kuwa glukosi, ambayo seli za ndani ya msuli huitumia kwa wingi. Zile za chini ya ngozi hutegemea zaidi asetati, asidi inayotokana na majani yakichachuka tumboni. Ongeza nafaka taratibu kwa wiki 2 hadi 3, la sivyo tumbo litajaa asidi.

Vitamini A huchanganya wengi. Katika majaribio ya Marekani, ndama wa Angus waliodungwa vitamini hiyo IU (vipimo vya kimataifa) 150,000 au 300,000 walipozaliwa na tena wakiwa na mwezi mmoja walipata michirizi zaidi. Wajapani, kinyume chake, huipunguza kwa ng'ombe wao wa Wagyu wakubwa wanaonenepeshwa, kwa sababu wakati huo vitamini hiyo huzuia seli kujaa mafuta. Usiige hilo la pili bila daktari wa mifugo: ng'ombe huacha kula, huvimba miguu, hata kupofuka. Sindano nayo ataipanga yeye, maana ikizidi ni sumu.

Kuhusu kipimo, hakuna jeni moja ya kutegemea. Ni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Ukinunua mbegu ya Angus, soma alama ya EPD (makadirio ya sifa ambazo fahali atawarithisha watoto wake) ya michirizi, usiichanganye na ile ya unene wa mafuta ya mgongoni. Kwa wanyama wako mwenyewe, piga altrasaundi kati ya ubavu wa 12 na wa 13.